Mababu Watatu wa Mtoto Mmoja

Habari haijawahi kumpita Redio, kinyozi, bila yeye kuirusha hewani. Asubuhi hiyo alimwacha mteja na nusu kichwa, akachomoka kibandani mashine ikiwa mkononi, hadi kwenye benchi la mbele ya duka la Pindo, fundi cherehani.

"Jamani, shule imefungua zahanati! Ile stoo ya madawati mabovu imepakwa chokaa, nesi yumo ndani na mzani wake. Wanafunzi bure, wazazi bure, mababu bure!"

"Bure ipo siku hizi?" akaguna Kipingamizi, mwashi aliyestaafishwa na goti lake. "Utaingia na goti, utoke huna figo."

"Ila lazima uwe na mtoto pale. Mtoto ndiye anakuandikisha, na yeye ndiye anakuingiza."

"Yaani mimi nishikwe mkono na mtoto wa darasa la kwanza?"

"Afadhali mtoto! Juzi nilikuona umemshika mbuzi wa watu ndiyo ukavuka barabara."

Benchi zima likacheka, hata Mama Chai aliyekuwa anamimina chai. Pindo peke yake hakucheka.

"Upuuzi mtupu," akasema. "Shule ni ya kufundishia. Leo wanapima macho, kesho watang'oa meno ubaoni!"

Mama Chai akaweka birika chini. "Fundi, nani kataja macho hapa?"

Pindo akajifanya anatafuta mkasi. Kwa miezi saba sasa uzi ulikuwa unapita kando ya sindano, naye akiulaumu uzi. Hakumwambia mtu. Cherehani ndiyo iliyomlisha tangu ujana, na fundi asiyeona ni nani atampelekea kitambaa? Alikuwa anaogopa, basi, na woga wake alikuwa akiuvalisha ukali.

"Ngoja niwape kisa," Mama Chai akasema. "Jana binti yangu kapewa dawa ya minyoo pale zahanati. Nesi kamwambia, tia mfukoni. Katia, dawa iko sakafuni. Kaokota, katia tena, iko sakafuni! Nesi kuinama atazame ile sketi, mdomo wa mfuko unatazama chini."

"Huo ni mtindo," Pindo akasema haraka.

"Mtindo!" Redio akapiga paja. "Mfuko wa kumwagia vitu!"

"Akaingia mtoto wa pili, mfuko hivyo hivyo. Wa tatu, hivyo hivyo. Nesi akauliza, nani kawashonea? Wakajibu kwa pamoja, Babu Fundi!"

Pindo akamgeukia Kipingamizi, ambaye hajawahi kukubaliana na mtu tangu azaliwe. Angalau huyo angempinga Mama Chai.

Kipingamizi akakohoa. "Ile suruali yangu, Pindo... mguu mmoja uliishia hapa, mwingine huku. Mke wangu aliifumua."

"Na mimi koti langu la kazini," Redio akasema, sauti imeshuka. "Kola nilirudia mwenyewe, kwa mkono."

"Miezi yote hii? Mbona hamkusema?"

"Tungesema ungefunga duka," Kipingamizi akajibu. "Ukifunga duka, sisi tukakae wapi?"

Pindo akainamisha kichwa. Aibu ilimpanda hadi masikioni, lakini ndani yake kulikuwa na kitu kitamu ambacho hakukitarajia. Mama Chai akampa karatasi, fomu ya zahanati. Akaisogeza puani, akaipeleka mbali, akairudisha.

"Isome," akamwambia Redio. Neno hilo moja lilimgharimu kuliko alivyojua mtu yeyote pale.

Redio akasoma taratibu, pengine mara ya kwanza maishani bila kupiga kelele. "Jina la mgonjwa, Babu Fundi. Uhusiano, mimi ni mjukuu wake wa hapa jirani. Ugonjwa, haoni uzi. Tafadhali msimgombeze."

"Binti yangu kaandika mwenyewe," Mama Chai akasema. "Anakusubiri getini saa nne, mapumziko."

Pindo akafuta macho kwa kipande cha kitambaa, akafunika cherehani, akaondoka. Nyuma yake Kipingamizi akajikongoja akisema anakwenda kuhakikisha fundi haibiwi figo, na Redio akafuata kwa sababu habari haiwezi kutokea bila yeye.

Kweli binti alikuwa getini. Akamshika Pindo mkono, wakaingia wote. Nesi akasoma fomu, akainua macho.

"Hapa kuna babu mmoja. Hawa wawili ni nani?"

"Mababu wenzake," Kipingamizi akasema, ameshalinyoosha goti kitini. "Upande wa mama."

"Mimi ndiye babu mdogo," Redio akaongeza, na ndevu hazijamjaa vizuri.

Nesi akajikaza asicheke. "Mzee, hawa unawatambua?"

Pindo akageuka. Akakunja uso, akawatazama mmoja mmoja, kwa muda mrefu.

"Siwaoni kabisa, mwanangu," akasema. "Ndicho kilichonileta."