Kabati Chini ya Kiyoyozi

Tu Pinghsun alinusa ujinga wa mtu kama nzi anavyonusa kidonda. Asubuhi ile, akinywa maziwa ya soya kibandani katika mji wa kisiwani wa Tainan, alimsikia Mkurugenzi Kou akifoka kwenye simu. Maabara yake mpya ya kupima makohozi ilikuwa ifunguliwe Jumatatu, na mafundi walikuwa wamekataa kufunga kabati la usalama pale alipopataka yeye: kando ya mlango wa kioo, chini ya kiyoyozi, ili mwekezaji alione akiingia tu.

"Mafundi wa siku hizi wanaogopa hata upepo," Tu alisema, akivuta kiti. "Mimi ni Injinia Tu. Kabati nalifunga popote, na cheti natoa."

Kou, mtu mwenye shahada tatu ukutani na hata moja kichwani hana, nusura ambusu.

Tu alikuwa amewahi kufunga nini maishani? Tai. Na hata hiyo alifungiwa na dada yake.

Aliyekosa furaha ni Lan Huiching, mtaalamu wa maabara. Yeye ndiye angekaa mbele ya kabati hilo kila siku akifungua makohozi ya wenye kifua kikuu. Kati ya pua yake na vijidudu pangekuwa na pazia la hewa tu, linalofyonzwa ndani na mashine. Mlango ukifunguliwa, au kiyoyozi kikipuliza, pazia linachanika na vijidudu vinamrudia usoni.

"Mkurugenzi, hapa nitakufa."

"Dada Lan, mapafu unayo mawili," Kou alijibu. "Mwekezaji ninaye mmoja."

Jumamosi Tu alilisukuma kabati hadi mlangoni, akaligongagonga kwa bisibisi, akaandika cheti cha mihuri minne, akapokea bahasha nene. Kisha, kwa uso mzito kama wa kuhani wa hekalu, akatoa pakiti ya vitafunio vya mahindi na kuiweka juu ya kabati, kama mashine zote za kisiwa kile zinavyowekewa ili zitulie.

Pakiti ilikuwa ya njano.

Lan aliikodolea macho. Hata mfagizi wa benki anajua kwamba mashine hupewa ya kijani ili itii, na ukiipa ya njano, inagoma. Injinia wa kweli angeitafuna ile ya njano pamoja na karatasi yake kuliko kuiacha pale. Tena huyu alikuwa ameibandika juu ya tundu la kutolea hewa!

"Injinia," Lan alisema, kwa upole wa ghafla, "bado utaratibu mmoja. Aliyefunga kabati anakaa hapa mbele, uso kwenye kioo, nikifungua sampuli ya kwanza."

"Sampuli ya nini?"

"Makohozi. Ya mgonjwa asiyesikia dawa yoyote."

"Kaa, Injinia!" Kou alihimiza. "Si umetoa cheti?"

Tu akakaa, jasho likimtiririka. Lan alivaa barakoa, akafungua kichupa alichokijaza uji wa mchele wa jana, kikamponyoka. Uji ukatua kwenye tai.

"Usipumue!"

Kou alikuwa wa kwanza kukimbia.

"Vua!" Lan aliamuru. "Nguo, viatu, saa, bahasha. Vyote vinaingia mfuko mwekundu."

"Bahasha pia?"

"Injinia, noti zinabeba ugonjwa kuliko watu."

"Nikivua nitapona?"

"Ukibishana, hapana."

Tu alitoka barabarani amevaa joho la karatasi la maabara, lililo wazi mgongoni. Muuza popoo akamwita, "Kaka, upande wa nyuma umeusahau nyumbani?"

Kou, ng'ambo ya barabara, alipiga simu huku amejiziba pua. "Dada Lan, lihamishe! Popote!"

"Na bahasha?"

"Sitaki kuiona! Walipe nayo mafundi wowote utakao!"

Jumapili mafundi wale wale waliokataa mwanzoni walilipeleka kabati kwenye kona ya ndani kabisa, wakaliachia nafasi ya kupumua juu. Lan alisogeza kijiti cha moshi mbele yake aone hewa inakokwenda. Moshi wote ukaingia ndani. Hata uzi mmoja haukumrudia puani.

Jumatatu aliketi, akafungua makohozi ya kweli. Mwekezaji akachungulia mlangoni, akauliza kabati liko wapi.

"Liko mbali nawe," Lan alijibu bila kugeuka. "Funga mlango."