Firigisi ya Kuku wa Mchina

Habari ya asubuhi ile haikutoka redioni. Ililetwa na Bulletin, motard, mbeba abiria kwa pikipiki wa mtaa wetu wa Furu, ambaye jina lake la ubatizo ni Kambere, lakini wanaolitumia ni padri na polisi wa barabarani tu. Alisimamisha pikipiki mbele ya benchi la Mama Élise, muuza kahawa, na kabla hajavua kofia yake alitangaza:

"Mariage ya Eringeti imekufa. Imekufia kwa restaurant ya Muchina, jana saa saba ya muchana, juu ya kuku."

Eringeti mwenyewe alikuwa amekaa palepale, mwisho wa benchi. Anaitwa Muyisa, ni seremala. Tunamwita Eringeti kwa sababu alikimbia kutoka mji wa jina hilo miaka sita iliyopita, akafika Butembo peke yake na sanduku la randa na misumeno. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, kama mtu anayekiombea.

"Bulletin," akasema polepole, "niko hapa."

"Nakuona. Mais nilikuwa nimeisha kuanza."

Kati yao walikaa Diacre na Maître. Diacre ni Abdias, ambaye anangoja kuwekwa shemasi kwa mwaka wa saba sasa. Maître ni Luc. Anauza karatasi za fomu mbele ya tribunal, yaani mahakama, na amezisoma nyingi mpaka anaamini alihitimu sheria.

"Weye Bulletin, ulikuwa pale?" akauliza Maître.

"Hapana."

"Basi nyamaza. Sisi njo tulikuwa pale. Miye porte-parole, musemaji ya muvulana, Diacre mutu ya maombi. Sasa nani atamupa nani habari?"

"Batu benye balikuwa pale baliona upande yabo tu. Miye mwenye sikukuwa, niko neutre, sina upande."

Mama Élise alimimina kahawa bila kuulizwa. "Na nani alileta hii akili ya kupeleka bakwe kwa Muchina?"

"Ni miye, Mama," akasema Eringeti. "Chumba yangu iko na kiti moja, na ile kiti ni ya kliyenti, bado kuipaka vernis. Papa Kasonia alikuja na bibi yake na bashangazi babili. Ningebaikalisha wapi? Nikawaza, kule kuna meza kubwa."

Papa Kasonia ni baba mkubwa wa Rébecca, binti ambaye Eringeti anataka kumwoa. Ndiye aliyemlea, kule Beu, mjini Beni. Alikuwa amekuja Butembo kumtazama mchumba kwa macho yake kabla ya mambo ya mbuzi wa mahari kuanza. Bila neno lake hakuna mbuzi, na bila mbuzi hakuna jina la kusomwa kanisani.

"Shida ilianza na maombi," akasema Bulletin.

"Maombi haianzishake shida," akasema Diacre.

"Uliomba dakika ngapi?"

"Kidogo tu."

"Kumi na saba," akasema Maître. "Alianzia kwa Adamu. Tulipofika kwa Nuhu, supu ilikuwa imepoa."

"Nilikuwa naelekea kwa bagonjwa."

"Sikia sasa," Bulletin akatugeukia sisi tuliobaki, mimi na Mama Élise, kana kwamba yeye ndiye aliyealikwa. "Kule Muchina ameweka kioo ya mviringo juu ya meza, inazunguka. Batu bote bamefunga macho. Shangazi moja ameegemeza kiwiko pale. Chakula ikaanza kutembea, polepole, bila mutu kujua. Diacre kusema Amina, batu kufungua macho, kila mutu anaona chakula ya mwenzake."

"Samaki yangu ilikuwa mbele ya Papa Kasonia," Maître akakiri. "Na mbele ya Diacre hakukuwa kitu."

"Swali yangu ni hii: baraka ilianguka kwa sahani ya nani?"

Diacre alifikiri. Hilo lilimgusa kweli. "Baraka haizungukake," akasema mwishowe.

"Mais sahani zilizunguka."

"Basi ilibariki kioo."

Mama Élise alijifuta macho kwa kona ya kitenge. "Na ile paka yabo? Banasema kuna sanamu ya paka ya dhahabu kwa comptoir, pale ya kulipia, inapunga mukono."

"Papa Kasonia aliirudishia," akasema Eringeti. "Ni mutu wa heshima. Paka inamupungia, na yeye anapunga. Inamupungia tena, anapunga tena. Mpaka bega ikamuuma. Akasema, hii paka haina muzazi wa kuiambia inatosha."

"Na bijiti ya kulia?"

"Shangazi alibikataa. Alisema nyumba yenye inaleta kuni kwa meza haina jiko."

Hapo hata Eringeti alitabasamu, lakini tabasamu halikukaa. Akaweka kikombe chini. "Yote hiyo Papa alivumilia. Yenye ilimushinda ni kuku."

"Eleza kuku," akasema Bulletin. "Kwa kuku, miye niko na versions tatu."

Maître alijiweka sawa kama anayetoa ushahidi. "Kuku ilikuja imekatwa-katwa. Kipande kama kidole, ndani ya mchuzi ya sukari. Papa Kasonia akaangalia, akaomba sahani kubwa, tupu. Akaanza kuipanga."

"Kuipanga namna gani?"

"Kuijenga tena. Shingo hapa, mugongo hapa, mapaja huku. Na sisi tunamuzungushia kioo. Anasema, zungusha. Simama. Rudisha kidogo. Hiyo, nipe hiyo. Nusu saa. Kliyenti ba meza zingine baliacha kula, bakasimama nyuma yetu. Moja akasema ule muguu ni bega."

"Na kuku ikatoka?"

"Ilitoka na mabawa tatu."

"Tatu?"

"Tatu na muguu moja. Papa akaitazama sana, akauliza: hii kuku ilikuwa inaruka inakimbia wapi?"

"Mais hiyo ingepita," akasema Eringeti. "Alikuwa tayari kuisamehe bawa. Kisha akatafuta gésier. Hakuna."

Gésier ndiyo firigisi. Kwetu, kuku anayewekwa mbele ya wakwe hufika na firigisi yake. Ni ya baba wa nyumba. Akitaka, anampa mgeni kwa mkono wake mwenyewe, na hapo mgeni anajua amepokelewa na mtu. Mtoto aliyewahi kuila kwa siri jikoni anaikumbuka siku hiyo hata akiwa na wajukuu.

"Alisimama," Eringeti akaendelea, na sauti yake ikashuka. "Akafunga koti. Akaniambia: Kuku yako haina gésier, na weye huna baba. Ni jambo moja. Mutoto wangu nitamutolea nani? Meza yenye inazunguka? Akatoka."

Baba yake Eringeti alifariki zamani, na wazee wa ukoo waliobaki walitawanyika, mmoja upande wa Ituri, wengine hajui wako wapi. Sisi sote tulijua hilo, na ndiyo sababu Maître na Diacre walivaa mashati meupe kwenda kukaa upande wake.

"Anarudi Beni leo," akasema Eringeti. "Iko kwa parking sasa hivi. Gari ikijaa, imekwisha."

"Na Rébecca?"

"Ananiandikia jambo moja tu. Tafuta gésier."

Basi benchi likaingia kazini.

"Tuandike lettre d'excuse, barua ya kuomba radhi," akasema Maître. "Copie kwa shangazi."

"Tufunge siku tatu," akasema Diacre.

"Gari itajaa nusu saa, weye unafunga siku tatu," akasema Bulletin. "Tununue gésier yoyote kwa soko, nikimbie nayo kwa pikipiki."

"Papa atajua," akasema Eringeti. "Ile kuku aliijenga na mikono yake. Anajua kipimo."

"Kuku ya mabawa tatu, gésier yake ni kipimo gani?"

Maître alianza kupima kwa vidole, akaacha.

"Kati yenu," Mama Élise akauliza taratibu, "kuna mwenye aliuliza mupishi?"

Tangu jana wanaume watatu wenye akili zao walikuwa wamebishana juu ya kuku, na hakuna aliyemkumbuka aliyempika.

Mama Élise alikausha mikono, akachukua simu. Mpishi wa pale ni Mama Gracieuse; wako pamoja katika kundi la wamama wa parokia. Akaweka sauti kubwa, sote tukasogeza vichwa.

"Gracieuse, ndugu yangu, gésier ya kuku ya jana ilienda wapi?"

"Ilienda kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Baba ya nyumba. Monsieur Gao."

Diacre alishika kichwa.

"Kila kuku yenye inaingia kwa jiko yangu," sauti ya Gracieuse ikaendelea, ikiwa na kiburi kidogo, "gésier yake naweka kwa kisahani, napelekea patron. Miye ni mutoto wa Beu, sikuokotwa kwa njia. Ningeila miye? Ningemupa kliyenti, mutu mwenye sijui jina?"

"Na yeye anakula?"

"Mwanzo alikataa. Nikasimama pale mpaka akakula. Huu ni mwaka ya pili. Siku ya soko anakula ishirini. Amenenepa, mais hanung'unike."

Mama Élise alimshukuru, akakata simu, akamkabidhi Eringeti. "Piga kwa Papa."

Vidole vya seremala huyu, ambavyo hupiga msumari bila kuangalia, vilikosea namba mara mbili. Mama Élise akamnyang'anya, akapiga yeye.

"Allô," ikasema sauti nzito. Nyuma yake mtu aliita: Beni, Beni, moja tu. "Semeni haraka. Banangoja mutu moja."

Mama Élise alisalimu kama inavyotakiwa, akaomba radhi kwa niaba ya kijana, kisha akaeleza yote: kisahani, Gracieuse, Monsieur Gao. Tulisikia mbuzi akilia juu ya gari.

"Huyu mupishi ni wa wapi?"

"Wa Beu, Papa."

"Ah. Balimulea muzuri. Basi gésier ilikuwa."

"Ilikuwa, Papa."

"Nilisema kuku haina gésier. Iko nayo. Nilisema muvulana hana baba. Sasa mwenye alikula gésier ya kuku ya posa, kama si baba, ni nani? Mwizi?"

"Mais Papa," Maître akainamia simu, "ule mutu ni Muchina."

"Miye nilikuuliza kwabo ni wapi? Samedi, jumamosi, aje Beu. Atangulie mbele ya mutoto wake, na mbuzi nyuma. Nitamupokea. Lakini paka abaki nyumbani."

Simu ikakatika. Eringeti alijifunika uso kwa mikono. Mabega yalitikisika, na hatukujua kama analia au anacheka, wala hatukuuliza. Tangu afike mji huu hakuna mtu aliyekuwa amemwita mtoto wa mtu.

"Mungu ni mukubwa," akasema Diacre, kwa mara ya kwanza akiomba kwa ufupi.

Mama Élise alimpigia Gracieuse aende kumweleza patron wake, na tukabaki tunangoja jibu. Furaha ilitupanda kichwani. Maître akaagiza mandazi kwa wote na kuanza kufundisha.

"Ni sheria mupya. Mwenye amekula gésier ya kuku yako, ni baba yako. Hakuna appel, hakuna rufaa."

"Ya kuku yote?" akauliza Bulletin.

"Yote."

"Diacre, siku ya anniversaire ya bibi yako, ile ya kuzaliwa, mulikulia wapi?"

"Kwa Muchina," akasema Diacre, mdomo umejaa.

"Kuku?"

"Nzima."

"Na gésier mulikula?"

Diacre aliacha kutafuna.

"Basi weye ni mutoto ya Monsieur Gao," akasema Bulletin. "Na kwa miaka, weye njo mukubwa. Na kaka mukubwa, kwetu, mudogo wake akioa, analeta nini?"

"Mbuzi," akasema Mama Élise.

Diacre alimeza. "Maître amekula pale mara inne. Alituhesabia hapa hapa."

"Zile ni za zamani," akasema Maître, "kuna prescription, muda ya kesi imepita." Lakini alikuwa amesimama. Akatazama saa ambayo haitembei tangu Pasaka, akasema tribunal imefunguliwa na watu wanakosa fomu. Diacre akakumbuka kwamba kwaya ina mazoezi, asubuhi ile, siku ya Jumanne. Walishuka pamoja, wakifuata njia moja ingawa tribunal na kanisa viko pande tofauti.

"Na weye?" Mama Élise akamwuliza Bulletin.

"Miye nabebaka tu kliyenti, naachaka kwa mulango," akasema. Kisha, bila kuwasha injini, akaisukuma pikipiki taratibu, akaiacha ishuke yenyewe na mteremko.

Simu ikalia. Eringeti aliipokea, akaweka sauti kubwa kwa mkono uliotulia sasa.

"Amekubali," akasema Gracieuse. "Amesimama, amefunga bifungo ya shati yake mpaka juu. Anasema yeye alizaa basichana tu, kwa hiyo samedi anafunga restaurant. Mais anauliza kitu moja. Anataka kujua iko na batoto bavulana ngapi hapa Butembo, ili bagawane mbuzi."

Eringeti aliangalia benchi. Vikombe vitatu vilikuwa vinatoa moshi bila watu. Pale juu nilikuwa nimebaki mimi peke yangu, na macho yake yakasimama juu yangu.

"Miye nilikulaka tambi tu pale," nikasema. "Tambi haina gésier."

Ilikuwa kweli kwa sehemu kubwa. Juu ya tambi zile kulikuwa na vipande viwili vya kuku, na jioni niliviungama.

Eringeti alinitazama bado kidogo, kisha akaisogeza simu mdomoni.

"Mwambie Papa yangu," akasema, "niko mutoto wa pekee."