Mwanasheria Mkuu Amekataa Kunifukuza

Husby, Stockholm

Ndugu Mwenyekiti, Mzee Januari,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na afya njema na hasira ya kiasi. Nashtaki mwenendo wa Mwanasheria Mkuu wa Jumuiya yetu ya Waswahili, Ndugu Cliff, ambaye amenidhalilisha kwa kutonifukuza.

Nianzie mwanzo, mtu asije akasema nimetunga. Kwenye mkutano wa mwaka, rafiki yangu Wanjugu alisimama akapendekeza kwamba baada ya sherehe wanaume nao waoshe vyombo. Wewe mwenyewe, Mzee, ukasema, "Leo vyombo, kesho kiti changu!" Papo hapo ukaunda cheo cha Mwanasheria Mkuu ili wenye siasa kali washughulikiwe. Ukampa Cliff, dereva wa basi, kwa sababu aliwahi kusoma sheria mwaka mmoja Nairobi na siku hiyo alikuwa amevaa tai.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ndugu Cliff alivamia mazoezi ya kwaya kule Hagsätra akachukua sare zetu kwa kuwa ni nyekundu, rangi ya wenye siasa kali. Aliniachia yangu tu. "Yako imepauka, dada," alisema. "Hiyo si nyekundu tena."

2. Alimfukuza Wanjugu, na Léonidas wa Burundi aliyemuunga mkono, na kila aliyepiga makofi, waende Tawi la Södertälje, mji wa jirani. Tawi lenyewe halikuwapo. Mimi nilinyoosha mkono kupinga. Cliff akamwambia katibu, "Usiandike hiyo. Dada Clementina anajinyoosha tu, ametoka kazini." Mzee, nilikuwa napinga! Wanjugu ndiye aliyenifundisha Kiswidi nilipokuja nchi hii, jikoni kwake, akinionyesha kwa kidole sufuria moja baada ya nyingine. Nilimwona akivaa koti. Nikamfuata hadi kituoni nikilia, na hata hilo halikuhesabiwa kuwa uasi. Kwa hasira, Wanjugu akahamia Södertälje kweli.

3. Ikaja hofu ya Mei Mosi. Cliff alitutangazia kwamba siku hiyo wenye siasa kali watauteka ukumbi wetu, kwa hiyo kila mtu ajifungie ndani. Mimi nikaenda kusimama mlangoni pa ukumbi, nikiwa na nia mbaya kabisa. Cliff, aliyekuwa akilinda hapo, akanipa mwavuli wake nimshikie. Mara likatokea kundi la watu na bendera nyekundu. Nilimsikia akikupigia simu: "Mzee, wamefika! Na wana tarumbeta!" Ukakata simu, wala sikulaumu. Kumbe ni wastaafu wa Kiswidi wanaelekea kwenye maandamano yao ya kila mwaka. Bibi mmoja akamwona Cliff anavyotetemeka, akamhurumia, akamkaribisha kahawa na mkate wa mdalasini, jambo ambalo wenyeji hawa huliita fika. Akaambiwa fika, naye akafika. Alirudi jioni ameshika kibendera.

Tangu hapo watu wanamcheka. Alipogombea kiti chako, hata aliyempendekeza alikwenda chooni wakati wa kura. Lakini amri yake ya kufukuza haijafutwa, na mtu anaweza kucheka huku bado anaogopa.

4. Wanjugu amepasuliwa goti. Hakuna mwanajumuiya aliyethubutu kwenda kumjulia hali. Nilipokwenda na chapati nilimkuta peke yake, anajaribu kuvaa soksi kwa kutumia mwiko. Akanitazama, akasema, "Kumbe bado nina watu." Nikamvalisha soksi. Sasa naenda kila Jumamosi kwa treni, mchana kweupe. Nimeweka hata picha yetu kwenye kundi la WhatsApp. Cliff akajibu kwa kopa jekundu. Kopa, Mzee!

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Futa amri hiyo, watu wetu warudi. Ukishindwa, nifukuze na mimi kabla ya wiki kwisha. Sifa ninazo: naamini mikutano ianze kwa wakati, naamini Mwenyekiti anaweza kukaa kwenye kiti kama cha wengine, na majuzi nimeanza kuamini kwamba hata hotuba ina mwisho.

Wasalimie wote nyumbani, na watoto hata kama watakujibu kwa Kiswidi. Msalimie na Cliff. Hana roho mbaya, ana cheo tu.

Nisiye mtiifu wako,
Clementina

N.B. Nimeshafunga bahasha, nimelazimika kuifungua. Wanjugu amepiga simu. Waliofukuzwa wameunda kweli Tawi la Södertälje na kufanya uchaguzi: yeye ni Mwenyekiti, na mimi, bila hata kuwapo, nimechaguliwa Mwanasheria Mkuu. Nimekubali. Tafadhali puuza yote niliyoandika hapo juu. Nikikitazama kwa makini, cheo hiki kina umuhimu mkubwa. Mwambie Cliff anipigie leo hii. Léonidas ameanza kuuliza maswali mengi.