Bwana Mpima Madirisha

Muhidini alishuka kwenye lori la mizigo pale Bagamoyo akiwa na njaa, sanduku jepesi, na kaptula ya kaki iliyopigwa pasi vizuri kuliko maisha yake. Alikuwa ametoka Dar es Salaam kwa haraka, kwa sababu ambazo mwenye mgahawa mmoja wa Kariakoo angezieleza vizuri zaidi. Mjini hapo hakumjua mtu. Jambo la kwanza aliulizia chumba cha kupanga, na bei aliyotajiwa ilimfanya aulize tena, akidhani ametajiwa bei ya nyumba nzima pamoja na minazi yake.

Ulikuwa mwaka ule ambao bei ya mkonge ilipaa kama kishada. Mashambani kulijaa makarani na mafundi wenye mishahara, na wote walitaka kulala mjini karibu na bahari. Mchele ukapanda, sukari ikapanda, hata nazi, ambayo mtu wa Bagamoyo alizoea kuiokota kama kokoto, ikaanza kuulizwa bei. Wenyeji wakajibu kwa njia waliyoiweza: wakahama vyumba vyao wenyewe. Baba, mama na watoto walisogea uani wakalala kwenye banda la jiko, baina ya kinu na kuni, na chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani akapewa mpangaji. Kodi yake ndiyo iliyonunua chakula. Nyumba isiyo na mpangaji ungeitambua kwa moshi wa jikoni, maana haukuonekana.

Haya yote Muhidini aliyasikia barazani kwa muuza kahawa, akiwa amekunja miguu kama mtu asiye na haraka. Mwingine angeona mji wenye dhiki. Yeye aliona mji mzima unaotafuta mpangaji, na katika mji wa namna hiyo, akawaza, anayekosa pa kulala ni yule tu asiyejua kusema.

Akainuka. Mfukoni alikuwa na futi ya kupimia nguo, masalio ya ufundi wa cherahani aliojifunza mpaka mwalimu wake alipochoka. Akaenda mtaa wa nyuma ya soko, akasimama mbele ya nyumba moja ya makuti, akapima dirisha lake kwa utulivu mkubwa, akatikisa kichwa. Akapima mara ya pili, akatabasamu.

Nyumba ile, pamoja na nyingine kadhaa mtaani, ilikuwa mali ya Mzee Mwinyimvua, mtu aliyeswali kwa wakati na kupandisha kodi kabla ya wakati. Mzee alikuwa barazani kwake, ng'ambo ya barabara. Alivaa makubadhi akavuka.

"Shikamoo, mzee," alisema Muhidini bila kugeuka.

"Marahaba. Dirisha langu limekukosea nini?"

"Halijanikosea, mzee wangu. Ni dirisha zuri. Shida ni kwamba sina ruhusa ya kusema kwa nini ninalipima."

Kuna watu ambao ukiwaficha jambo wanakwenda zao kulala. Mzee Mwinyimvua hakuwa miongoni mwao. Alimkaribisha mgeni ndani, akamletea chai ya maziwa yenye iliki na sahani ya mikate ya kumimina, na mkate wa mwisho ulipokwisha siri ilikuwa imetoka. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa inakuja kujenga kiwanda cha samaki pale Mbegani. Mafundi wake wangehitaji vyumba, na Muhidini alitangulizwa kuvikagua. Kanuni ya kampuni ilikuwa kwamba chumba hakikubaliwi mpaka mkaguzi amelala ndani yake na kula chakula cha mwenye nyumba, kwa sababu fundi aliyelala vibaya hujenga ukuta uliopinda. Mzee aliiona kanuni hiyo kuwa ya busara sana. Akaapa hatamwambia mtu. Kufika alasiri mtaa mzima ulikuwa unajua, na nyumba mbili zilikuwa zimeshachinja kuku.

Usiku huo mkaguzi alilala kwa Mzee Mwinyimvua, kwenye kitanda cha mzee mwenyewe.

Sasa, ndani ya nyumba yenye dirisha lililopimwa alikuwa akiishi Bi Mwanamkasi, mjane muuza vitumbua. Yeye na wanawe walilala uani kama wengine, na chumba cha mbele alimpangisha karani wa mkonge. Kodi ya karani ililipa kodi ya mzee, na vitumbua vililipa yaliyobaki. Ulikuwa mzani mwembamba, lakini ulisimama. Asubuhi Mzee Mwinyimvua alimwendea akamwambia kwamba nyumba inahitajiwa na kampuni, hivyo ahame mwezi ukiisha. Alimwambia kwa upole mwingi, kama mtu anayekukanyaga akiwa peku.

Bi Mwanamkasi hakuwa na pa kwenda ila kwa kaka yake Miono, huko bara, ambako vitumbua havina mnunuzi kwa kuwa kila mtu anajikaangia. Wanawe walikuwa wanasoma mjini. Hakulia, kwa sababu mafuta yalikuwa motoni. Alipomaliza kukaanga alipanga vitumbua vizuri juu ya sahani, akajifunika kanga safi, akaenda kumwomba huyo mkaguzi aichague nyumba nyingine.

Alimkuta chumbani, mlango uko wazi kwa heshima, mzee akiongea na watu ukumbini. Akaweka sahani, akaeleza haja yake. Muhidini alisikiliza huku akila, na Bi Mwanamkasi alimtazama anavyokula. Mtu wa kampuni, alifikiri, hula kitumbua kwa vidole viwili na kukiacha nusu. Huyu alikula kwa mkono mzima, kisha akaokota chembe zilizoangukia kaptula. Akamwuliza basi dirisha lake lilionekanaje. Muhidini, mdomo umejaa, akajibu kwa kujiamini kwamba kiuno kinafaa, ila mabega yamebana.

Bi Mwanamkasi alitupa jicho ukumbini.

"Wewe, baba, ni fundi cherahani," akasema kwa sauti ya chini.

Kutafuna kulisimama. Muhidini alilitazama dirisha la chumba kile. Alikwisha kulipima jana, lisingempitisha.

Katika kazi yake alikuwa amedanganya watu wengi, na kwa kawaida aliondoka mapema. Hakuwahi kumwona yule aliye mwisho wa uongo wake akiingia mwenyewe mlangoni, amebeba sahani. Akakirudisha kwenye sahani kitumbua alichokishika.

"Bibi, sikujua kuna mtu ndani ya nyumba ile."

"Ndani ya kila nyumba kuna mtu," alisema Bi Mwanamkasi. "Sikiliza. Ukikimbia leo, mzee atanitoa vilevile, maana tamaa ameshaionja. Usikimbie. Kaa, ule, ulale unapopenda. Lakini kuanzia leo kanuni za kampuni nitazitunga mimi."

Kesho yake mkaguzi alimwita Mzee Mwinyimvua kando na kumpa habari njema: nyumba ya dirisha zuri imepita. Yalikuwapo masharti madogo tu. Makuti yatoke, yaingie mabati. Kuta zipakwe chokaa. Choo kichimbwe kipya, chenye mlango unaofungika. Mzee alikunja uso kwa kila sharti, akakunjua alipokumbuka mishahara ya mafundi. Ndipo likaja sharti la mwisho. Kampuni, alieleza Muhidini, haikai nyumba isiyo na mwanamke anayeifahamu na kuipikia. Kwa hiyo mama aliyemo abaki uani na jikoni kwake, na karani wake chumbani mpaka mafundi wafike, kwa kodi ileile ya sasa, isiongezwe mpaka siku moshi wa kiwanda cha Mbegani utakapoonekana. Na mwenye nyumba alitamke hilo mbele ya watu, kwa kuwa kampuni haiamini maneno ya faraghani.

Kuhusu mabati mzee angeweza kuvumilia, lakini kuhusu kodi aliona maumivu ya kweli. Akasema ana haja ya kufikiri. Muhidini hakubishana. Alivuta pumzi kwa huzuni, akatoa futi yake, akavuka kuelekea dirisha la Bi Sihaba, jirani ambaye mzee hakusemezana naye tangu ugomvi wa mpaka wa uani. Mzee Mwinyimvua alikubali kabla futi haijagusa fremu.

Ijumaa hiyo, watu walipotoka msikitini, alisimama akatamka ahadi yake kwa sauti ya mtu mwenye kujenga mji. Alirudia mara mbili, ili waliokuwa wanavaa viatu nao wasikie.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu kwa Muhidini. Alilala nyumba hii, akahamia ile. Kwa Bi Sihaba alikula kuku wa nazi, kwa wengine changu wa kupaka na wali uliokolea tui, na kila alikoamka aliagwa kwa ubani. Kaptula ilianza kumbana. Wenye nyumba nao walipaka chokaa, wakaziba nyufa, wakafagia hata paa. Mpango wa nyumba za kulala aliushika Bi Mwanamkasi, akisema ni ili majirani wasioneane wivu, na Muhidini aliona ni wema wa mama mtu mzima. Mwenyewe aliamini kinachomfungulia milango ni ulimi wake, na baadhi ya jioni, akichokonoa meno barazani, aliuonea ulimi huo fahari.

Mabati yakaja. Mzee Mwinyimvua alisimamia mwenyewe, akihesabu misumari kana kwamba ni meno yake. Nyumba ikang'aa hata wapita njia wakawa wanakinga macho. Na kazi ilipokwisha, watu wakaanza kuuliza kampuni iko wapi. Muhidini alisema meli imekawia Mombasa. Jibu hilo lilidumu kidogo, kisha likachakaa. Mwishowe ikasikika kwamba afisa wa serikali atapita mjini kukagua soko, na Mzee Mwinyimvua ameshapiga kanzu pasi ili akamwulize habari za kiwanda.

Asubuhi hiyo Bi Mwanamkasi alimjia Muhidini na vitumbua vilivyofungwa kwenye jani la mgomba. Lori la dereva mmoja, Mrisho, linakwenda Msata, alimwambia, na ameshasema naye.

Muhidini alisimama na sanduku lake, asijue aweke wapi mikono. Miji yote aliyowahi kuiacha aliiacha akikimbia. Hakujua mtu anaagwaje.

"Bibi, hunichukii?"

"Umenipa bati, mwanangu. Nikuchukie kwa nini? Nenda, lori halimngoji mtu."

Ya Mzee Mwinyimvua tuyamalize kabisa. Afisa alimsikiliza kwa adabu, akamwuliza kiwanda gani. Mzee alirudi akiwa amevimba, akaenda moja kwa moja kwa Bi Mwanamkasi kumwambia kodi imepanda. Alimkuta barazani chini ya mabati mapya, anapepeta mchele. Bi Mwanamkasi alimwamkia kwa heshima zote, akaweka ungo chini, akainuka, akakinga jua kwa kiganja na kutazama upande wa Mbegani kwa muda mrefu. Kisha akasema, samahani sana mzee, moshi bado hajauona. Waliokuwa wakivaa viatu Ijumaa ile walikuwa wanapita, na wote walikumbuka. Mzee akarudi barazani kwake. Wanasema tangu hapo alikuwa na desturi, kila alfajiri kabla ya chai, ya kutazama Mbegani.

Muhidini, wakati huo, alikuwa ameketi mbele ya lori pembeni ya Mrisho, mtu mnene asiye na maneno mengi. Bahari ilikwisha, ikaja minazi, minazi ikaisha, vikaja vichaka. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Akala vitumbua, akampa Mrisho kimoja, akaanza hata kupanga namna atakavyoingia Tanga. Walipofika njia panda ya Msata akashika sanduku ateremke, lakini Mrisho hakuzima gari. Alikata kona kushika njia ya Miono.

Muhidini akamwambia kwamba yeye anaishia hapo. Mrisho akasema hapana, leo ni zamu yao.

"Zamu ya nini?"

"Ya kukulaza. Mke wangu Dija amekusubiri muda mrefu. Chumba ameshakipaka chokaa."

Muhidini alieleza, kwa upole wa kitaalamu, kwamba Miono iko mbali mno na Mbegani. Mrisho akakiri kwamba naye alimwambia mkewe vivyo hivyo, ila Dija anaamini wapo mafundi wasiopenda hewa ya chumvi. Na hata hivyo, alisema, alichotoa ameshatoa kwa Bi Mwanamkasi, wala hakirudi.

Kwa utaratibu, kama mtu anayeteremsha magunia, Mrisho akayatoa yote. Hakuna nyumba iliyomlaza Muhidini bure. Bi Sihaba alitoa doti ya kanga ili atangulie jirani zake. Mwingine alitoa kikapu cha mchele, mwingine mafuta ya kukaangia. Mzee Mwinyimvua, alipoona mkaguzi anazoea kwa wengine, alitoa mbuzi mzima ili arudi kwake usiku mmoja zaidi. Bi Mwanamkasi alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akapanga zamu.

Muhidini alilipakata sanduku magotini. Mji mzima ulikuwa ukipangisha vyumba, na katika mji huo huo mjane mmoja, asiye na chumba cha ziada, alikuwa amempangisha yeye. Akataka kukasirika, hasira haikuja. Akataka kucheka, nako kuna jambo likamzuia. Lori liliruka mashimo matatu kabla hajalipata hilo jambo.

"Wewe ulitoa nini?"

"Jogoo."

Muhidini aligeuza uso dirishani. Vichaka vilikuwa vikipita. Akarudi tena kwa Mrisho.

"Mwinyimvua ametoa mbuzi," alisema. "Wewe jogoo mmoja?"

"Bi Mwanamkasi alitaka wawili," Mrisho akajibu, akibadilisha gia. "Mke wangu akamwambia wewe hufiki thamani ya wawili. Wakakubaliana."