Mwongozo wa Unyumbufu wa Kukaa Kitako

Watu wa Kibaha na Kisarawe mnatangaziwa kwamba elimu jumuishi imeshafika. Imeshuka kwenye gari jeupe, imekunywa soda na imeomba kiti chenye mto. Mimi, Bibi Rahma niliyeishia darasa la nne, mwenyekiti wa kamati ya shule, ndiye niliyeipokea.

Jina lake Leodegar, Afisa Ujumuishi kutoka Kibaha. Alituletea Mwongozo wa Ufundishaji Nyumbufu, unaotaka kila mtoto afundishwe kwa namna inayomfaa, ilimradi namna yenyewe iwe moja na wote wawe wamekaa.

Hapo ndipo lilipozuka suala la mwanafunzi wetu Tatu. Mtoto huyu akikaa, hesabu zinamtoka. Akitembea, zinarudi. Mwalimu Laurentia alikuwa anamwacha apige misele nyuma ya madawati, na kwa hesabu Tatu alikuwa anawapita waliotulia. Afisa alisikitika sana. Akaelekeza Tatu atolewe darasani ili ujumuishi usivurugike, asirudi mpaka aje na mzazi. Mama yake anauza vitumbua Dar, huku tunamwona Idi kwa Idi.

Nikauliza kama kanuni hiyo ina ubaguzi. Afisa akasema haina, inamhusu yeyote aliyemo darasani. Tukaipitisha kwa makofi, Tatu akatoka na begi lake analia.

Kisha, humo humo darasani, Afisa akaanza kutusomea mwongozo. Alianza kitini. Mara kasimama. Mara yuko dirishani, mara mlangoni, mikono nyuma, anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nikamwomba akae.

"Samahani Bibi, nikikaa maneno hayaji."

"Ndivyo asemavyo Tatu, mwanangu."

Sisi kamati hatuna makuu, tunatii maelekezo. Tukamtoa nje kwa heshima zote. Alipouliza arudi lini, Mwalimu Laurentia akamjibu kwa upole kwamba aje na mzazi. Akaomba basi kanuni ibadilishwe. Hilo nalo, tukamwambia, atalisemea mzazi.

Mama yake Afisa alitoka Magindu kwa bodaboda, na kidumu cha maziwa ya mgando. Akatueleza kwamba huyu kujua kusoma kwenyewe alijulia nyuma ya mbuzi, kitabu mkononi.

"Wabadilishieni, jamani," akasema. "Mtoto hakai huyu."

Tukabadilisha. Tatu karudishwa darasani siku hiyo hiyo. Afisa naye karuhusiwa kumalizia mwongozo wake, kwa sharti dogo: azunguke nyuma ya madawati, amfuate Tatu, na asimpite.