Kibao Nilichokichonga Mwenyewe

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe. Na aibu yenyewe nimeivaa shingoni mpaka nyumbani.

Mnanijua. Mwalimu wa Kiingereza hapa Mwisenge, mwaka wa ishirini na sita huu. Mnajua pia ninavyoumizwa na Kiingereza cha vijana wa siku hizi. Insha inaandikwa kama ujumbe wa simu! Maneno yamekatwa mikia, nukta imekuwa anasa. Ukimsahihisha mtu anakujibu, "Si umeelewa, Madamu?" (Nimeelewa. Hata mbuzi akilia naelewa ana njaa.)

Basi Jumatatu nikachonga kibao. Kipande cha mbao, kamba ya katani, na maandishi mekundu ya Kiingereza yanayosema: mimi nimevunja sheria ya lugha. Ukiongea Kiswahili au kilugha darasani kwangu unakivaa, mpaka umnase mwenzako. Nikaitangaza sheria hiyo kidato cha pili kwa mbwembwe zote. Nyamisi, binti mpole anayekaa mbele, akauliza, "Na walimu je?"

Akauliza kwa Kiswahili, maskini. Akawa wa kwanza kukivaa. Lakini swali lake nililijibu, tena kifua mbele: hata mimi.

Siku tatu Nyamisi hakumnasa mtu, maana wenzake waliamua kunyamaza. (Kiingereza hakikupanda. Kelele tu ndizo zilishuka.)

Sasa leo binti yangu anaposwa. Wazee wanatoka Bunda, na mimi Mjita wa Bukima siwezi kuwawekea wageni maharage. Nataka sato. Saa nne, katikati ya kipindi, nikamwona Mama Bwire, muuza samaki, anapita nje ya dirisha na beseni lake kichwani. Huyu tumekua naye Bukima. Mkia wa sato ulikuwa umening'inia nje ya beseni, mpana kama kiganja changu.

Nikamwita kwa Kiingereza. (Darasa zima linanitazama, ningefanyaje?) Mama Bwire akageuka nyuma kuangalia anaitwa nani. Nikamwomba, kwa Kiingereza safi na taratibu, aniwekee wawili wakubwa. Akashusha beseni.

"Nyangeta, unaumwa?"

Nikatikisa kichwa, nikaonyesha vidole viwili, nikarudia ombi langu lote kwa Kiingereza.

"Mimi na wewe tulikuwaga tunachota maji pamoja ziwani," akasema, sauti imepanda. "Leo unaniongelesha Kizungu mbele ya watoto? Haya, kwaheri. Sato wangu wana wenyewe."

Akajitwisha beseni, akaondoka. Sato wangu wanakwenda! Nikawaona wazee wa Bunda, nikayaona maharage. Nikatoa kichwa dirishani mpaka mabega. Nikamwita kwa Kijita, nikamwapia kwa Kiswahili, nikamtaja marehemu mama yake, nikamwambia rudi hapa wewe mwanamke, usiniue na mkwe yuko njiani! Nasikia mpaka bodaboda wa kijiweni walisimama.

Akarudi. Nikapata sato wawili. Nikageuka.

Nyamisi amesimama. Amevua kibao na amekishika kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka sadaka. Akasema, kwa Kiingereza, kwamba nimesikika. Kiingereza chake kilikuwa kimevunjika miguu yote miwili, lakini kilifika.

Ningeweza kukataa. Mwenye chaki ni mimi. Lakini nilisema hata mimi, na ningelimeza neno hilo, kibao kingekuwa kuni na mimi ningekuwa mwongo mbele ya watoto wote wale. Nikainama. Akanivalisha. Darasa likalipuka, na Nyamisi akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Iliniuma kuona nilikuwa sijaligundua hilo. Nikaendelea na somo, shingo wima!

Tatizo, kitu ukikivaa vipindi vitatu unakisahau. Nikapanda bodaboda na samaki wangu. Dereva ananitazama kwenye kioo, nikadhani ni harufu. Kufika nyumbani, wageni wamewahi. Wazee wanne sebuleni, na mwoaji mwenyewe. Huyu kijana mwaka jana nilimkataa kwa sababu ya Kiingereza cha ujumbe alionitumia. (Niliusahihisha, nikamrudishia.)

Nikawakaribisha kwa heshima zote. Mzee mmoja akanyoosha kidole kifuani kwangu.

"Mama, hicho ni kitambulisho cha kazi?"

Ndipo nikakikumbuka kibao. Mzee akamgeukia kijana. "Hebu tusomee, wewe uliyesoma."

Akasoma. Kisha akawatafsiria wazee, neno kwa neno. Matamshi safi, hakuruka herufi. Sikupata pa kumsahihisha hata mahali pamoja, na nilitafuta! Binti yangu akakimbilia jikoni. Wazee walicheka mpaka ikabidi posa ianze upya.

Sasa nisikilizeni vizuri. Posa imepokelewa na sato wameliwa mpaka vichwa. Kibao sijakivua. Sheria ni sheria, na wale wazee si wa darasa langu, siwezi kumnasa hata mmoja. Kesho naingia nacho getini. Kiingereza cha vijana bado kimeoza, na nitasema hivyo mpaka nizikwe.

Naomba msicheke. Na atakayeshindwa kujizuia, acheke kwa Kiingereza.