Mitumbwi Nyuma, Trekta Mlangoni

Jumanne, 7 Aprili

Ghala limejaa! Namshukuru Mungu, na kidogo najishukuru mwenyewe. Kiangazi chote nimekaa na mitumbwi michache tu ya watu humu ndani, Mohoro nzima ikinicheka kwamba Damas kakodi ghala la korosho afugie panya. Leo redio imetangaza mto umefura huko juu. Kabla ya saa nne wenye bodaboda na pawatila, vile vitrekta vya kushika kwa mkono, kutoka mabondeni wamejipanga mlangoni kwangu. Wanataka vyombo vyao vikae huku kwenye mwinuko mpaka maji yashuke. Ndiyo hesabu yangu hiyo! Kiangazi mitumbwi haina kazi, masika magurudumu hayana kazi. Ghala moja, misimu miwili. Kwetu Songea wangesema nimezaliwa na akili.

Mitumbwi iko nyuma ukutani. Pawatila nimezipanga mbele yake, bodaboda zikaziba mianya. Mwisho akaja Fikirini na trekta. Likaingia kinyumenyume, likakaa mlangoni sawasawa. Hata mwizi mwembamba hapiti! Mlango wa nyuma niliuziba kwa matofali tangu mwanzo. Petronila, mke wangu, alipita akitoka zahanati, akauliza hiyo mitumbwi itatokaje. Nikamwambia ashughulike na sindano zake.

Kitu kimoja kinaniudhi. Hemedy. Naye eti anatunza mitumbwi ya watu, kule kwenye mkono wa mto. Anaijaza maji, anaikandamiza kwa mawe mpaka inazama. Makusudi! Mtu anakuzamishia chombo chako, nawe unamwita mtunzaji.

Alhamisi, 9 Aprili

Bibi Sikujua kaja kuulizia mtumbwi wake. Huyu ndiye jirani aliyetupokea tulipohamia hapa hatumjui mtu. Petronila alipojifungua, ni yeye aliyemwogesha mtoto. Mimi ananiita mwanangu mbele za watu. Mtumbwi wake ulikuwa kwa Hemedy, akauhamishia kwangu ili nami nionekane nina wateja.

Anautaka haraka. Mahindi yake yote ya mwaka yako ng'ambo, kwenye dungu lake, kile kibanda cha miguu mirefu cha kulindia shamba, na maji yameshafika kwenye ngazi. Nikamwambia kesho asubuhi, bila wasiwasi. Nikampigia Fikirini aje asogeze trekta. Yuko Dar es Salaam! Harusi ya mpwa wake. Ufunguo anao mfukoni. Akanituliza kwamba Jumapili si mbali.

Nikarudi kwa Bibi, nikamwambia ghala limepigwa dawa ya mchwa, hakuna kuingia. Akasema haya, mwanangu. Najuta sana kutaja mchwa. Ningesema siafu. Mchwa wamemfanya auonee huruma mtumbwi.

Ijumaa, 10 Aprili

Maji yamepanda. Nimeita vijana wa kijiweni tulisukume trekta. Wapi! Fikirini kaliacha kwenye gia, na injini yake kaifungia kifuniko cha kufuli kama kabati la sukari. Tumesukuma mpaka mmoja akaumia bega. Halikutikisika.

Bibi Sikujua akatukuta hapo watu walipotoka msikitini. Akanusa. Dawa hainuki. Aliuliza tu kama mtumbwi ulikuwa ukinyweshwa.

Hapo nikakumbuka. Siku alipouleta aliufunika majani mabichi, akaniomba niwe naumwagia maji kila mara. Niliumwagia wiki ya kwanza. Baadaye majani nikayatupa. Yalikuwa yanachafua sakafu, na mimi natangaza ghala kavu! Sasa nikamjibu kwamba nimeunywesha bila kukosa. Nimemdanganya mara ya pili, tena ametoka kuswali. Najuta. Chakula cha jioni hakikunipita kooni, ingawa samaki nilimla.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimebomoa mlango wa nyuma. Matofali niliyojenga kwa mkono wangu! Mwenye ghala amesimama pembeni akinitazama na hakusaidia hata kuokota kipande. Mtumbwi ukatoka. Tukaubeba hadi mtoni, kundi zima nyuma yetu, mimi mbele nikiamrisha watu wapishe.

Ukashushwa. Ukaanza kunywa maji. Ufa umetoka kichwani hadi mkiani, mkono unapita. Miezi yote chini ya mabati ya moto, mti mkavu ungefanya nini? Nikaanza kuchota maji kwa kopo. Nikaambiwa niache. Bibi Sikujua alikaa chini kwenye matope na kanga yake safi, akawa anatazama ng'ambo. Hakunilaumu. Nilitamani anilaumu.

Hemedy akaingia majini mpaka kiunoni. Akatoa mawe kwenye mmoja wa mitumbwi yake, akauinamisha, maji yakamwagika, akaondoka nao. Hauvuji hata tone! Alirudi na magunia machache, yameloa yote. Mengine sakafu ya dungu ilishafumuka, yamekwenda na maji.

Angenicheka ingekuwa nafuu. Alinipa tu upande mmoja wa gunia nimsaidie kubeba.

Jumapili, 12 Aprili

Sikwenda kanisani. Petronila kanitaka niende kwa Bibi nikaombe radhi, leo hii. Nilifika hadi kwenye ua wake. Alikuwa anaanika mahindi kwenye jamvi, na jua hakuna. Anayageuza kwa kiganja, anayatandaza, anayageuza tena. Nikarudi nyumbani.

Fikirini karejea, amenenepa. Analalamika kwamba upepo wa tundu nililobomoa umelitia trekta vumbi.

Jumatano, 15 Aprili

Bibi Sikujua kaja mwenyewe. Kaleta bakuli la kande. Mahindi yaliyoloa hayawekeki, kasema, bora yaliwe, na kasikia mwanawe hali chakula.

Nililia. Nalisema wazi humu. Nikamweleza yote: dawa ya uongo, majani, maji ambayo sikuyamwaga. Akasema alijua tangu Ijumaa, nile kande ingali ya moto. Nikaapa mbele ya Petronila kwamba maghala basi. Maisha yangu yote sitagusa tena mali ya mtu. Nilikuwa namaanisha kila neno! Petronila mwenyewe alifuta macho.

Nikawa nakula. Kande nzuri, ina nazi. Na hapo katikati ya kula likanijia. Dungu! Sakafu imekwenda, lakini nguzo zimesimama, mafuriko yote hayo na zimesimama. Sakafu mpya tu, na bodaboda zikae juu, maji yapite chini yake. Zitapandaje, hilo ni jambo dogo. Wala si ghala, kwa hiyo kiapo changu hakijaguswa.

Nikamwomba Bibi, kwa heshima zote, anikodishie.

Akainuka, akachukua bakuli lake. Nilikuwa sijafika hata nusu.